Mkono ukishafika shingoni: jibu kwa msomaji wa Ngamiani

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 34, nauza kwenye duka la dawa hapa Tanga mjini. Nafunga saa tatu usiku, napanda bajaji mpaka karibu na mtaani kwetu Ngamiani, halafu natembea kama dakika nane. Wiki mbili zilizopita jirani yangu alikabwa roba, yaani alibanwa shingo kwa nyuma, wakachukua simu na mkoba, akaokotwa na wapita njia akiwa hajitambui. Tangu siku hiyo natembea roho mkononi. Mume wangu anataka nibebe kisu, kaka yangu anasema nijiunge na karate, shoga yangu ananishauri ninunue pilipili ya kupuliza. Sijapigana na mtu tangu shule ya msingi. Kipi kitanifaa? Na nikikabwa kwa nyuma nifanye nini hasa? Nina binti wa miaka 11, naye nimfundishe?

Jibu: Waalaikum salaam dada, na pole nyingi kwa jirani yako. Nianze na yeye kabla yako, kwa sababu jambo lake halingoji. Mtu aliyekabwa mpaka akapoteza fahamu lazima aonwe na daktari hata kama shingo yake haina alama yoyote. Mishipa mikubwa ya damu shingoni inaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, kisha kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshasahau. Muulize kama sauti yake imekuwa ya kukwaruza, kama anameza kwa shida, kama shingo au kichwa kinamuuma, kama anaona vibaya au anapata kizunguzungu, kama mkono au mguu mmoja umekuwa mzito. Akikubali hata moja, aende hospitali ya Bombo leo hii na aseme wazi kwamba alikabwa shingo na akazimia. Wengi hufika wakasema "niliibiwa simu", na shingo haiguswi.

Sasa wewe. Kisu usibebe. Kitakuwa chini ya mkoba, kimeviringishwa kwenye kitambaa, na mikono yako miwili inatakiwa shingoni. Hata ukiwahi kukitoa, unakitoa mbele ya watu ambao huenda ni wawili na wana nguvu kukuzidi, na ugomvi ambao haukuwa na kisu sasa unacho. Pilipili ya kupuliza inahitaji adui awe mbele yako, upepo uwe nyuma yako na kopo liwe kiganjani tayari. Roba huja kwa nyuma. Ukipuliza mtu akiwa amekugandia mgongoni, nusu ya dawa unaivuta wewe. Karate ni jambo jema na kaka yako hakukosea, ila faida yake utaanza kuiona baada ya miezi mingi, na wewe unarudi nyumbani leo usiku. Ukipata muda wa kujiunga na klabu, tafuta judo au mieleka kwanza, maana huko mnashikana kweli. Kupiga ngumi hewani hakukufundishi uzito wa mwanaume aliyening'inia mgongoni mwako.

Kabla ya mbinu yoyote ya mikono, kuna uamuzi ambao lazima uufanye ukiwa umetulia nyumbani, kwa sababu njiani hutapata nafasi ya kuufanya. Jiulize: huyu anataka kitu, au anataka mwili wangu? Anayetaka kitu, mpe. Simu, mkoba, mauzo ya siku, cheni, vyote viende bila mjadala. Anayekugusa shingo, anayekuburuta kwenda kwenye pagale au kichochoroni, anayekulazimisha kupanda chombo, huyo hapewi chochote. Hapo unapigana kwa kila ulichonacho, pale pale, kwa sababu kule anakokupeleka hakuna macho ya watu na mambo huwa mabaya zaidi. Mtu aliyeamua hivi mapema hapotezi sekunde mbili za kushangaa, na sekunde mbili kwenye roba ni nyingi mno.

Safari yako ya dakika nane ndiyo kazi kubwa, na hapa utafanikiwa zaidi kuliko kwa ngumi. Ngamiani imenyooka, barabara kwa namba, unaona mbali. Kinachokuficha adui ni kona, na kwa mpangilio ule kona ni nyingi. Usikate kona ukiwa umebana ukutani. Toka nje kama mita mbili tatu, uione kona yote kabla hujaifikia. Pagale, gari bovu lililoegeshwa, ua wa michongoma, vyote vipite kwa mbali hivyo hivyo, hata ikibidi utembee katikati ya barabara. Chagua njia yenye watu wa baraza: wacheza dhumna, muuza kahawa, mama anayekaanga mihogo. Ikiwa njia hiyo inakuongezea dakika nne, zikubali. Wasalimie kila usiku. Watu wanaokujua kwa sura na sauti hutoka mbio wakisikia ni wewe unayepiga kelele, na mkabaji anayekuvizia anakuona ukisalimiana nao. Jua pia kwamba mtaa hubadilika kwa majira. Mwezi wa Ramadhani watu wako nje mpaka daku, na wiki baada ya Idi barabara ile ile saa tatu na nusu iko tupu. Umeme ukikatika, hiyo ni njia nyingine kabisa, ipangie mpango wake.

Simu iingie mkobani kabla hujashuka kwenye bajaji. Mwanga wa kioo unakupofusha gizani na macho huhitaji dakika kadhaa kuzoea tena, mbali na kwamba unatangaza bei yake kwa kila anayetazama. Tembea upande wa kulia wa barabara ili vyombo vije vikikukabili, mkoba uwe bega la upande wa ukuta. Mkanda wa mkoba usiupitishe kifuani. Akija mkwapuaji wa pikipiki, mkanda uliovuka kifua unakuangusha na kukuburuta kwenye lami, na mkoba usiozidi simu na pochi hauna thamani ya goti lililosagika. Vua kamba ya kitambulisho cha kazi shingoni kabla ya kufunga duka, hiyo ni roba uliyomtayarishia mwenyewe. Mtandio ufunge kwa namna inayofunguka ukivutwa, pini iwe moja tu na ndogo. Baibui lisiburuze chini, na miguuni vaa kiatu chenye mkanda wa nyuma. Kandambili na mbio haviendi pamoja. Mkono mmoja ushike tochi ndogo yenye mwanga mkali, filimbi uifunge kwenye kifundo cha mkono huo huo. Funguo zikae kiganjani tayari kwa mlango, lakini usizipange katikati ya vidole kama wengi wanavyofundishana. Ukipiga ngumi na funguo vile, kinachoumia ni vidole vyako.

Na dereva wa bajaji? Zungumza na mmoja au wawili wanaojulikana kijiweni, wakufikishe mlangoni kwa makubaliano ya mwezi, taa ya bajaji ikumulike mpaka umefungua na kuingia. Hiyo peke yake inaondoa dakika zako nane zote. Ukiweza kuilipia, mengine ninayoandika hapa yatakuwa akiba.

Mtu akikukaribia kwa mbele na hukumwelewa, usisubiri akufikie. Simama mguu mmoja mbele kidogo, inua mikono usawa wa kifua, viganja vikimtazama yeye, na useme kwa sauti nzito ya tumboni: "Kaka, ishia hapo hapo." Nafasi unayoitaka ni urefu wa mikono miwili. Aliyekuja kuuliza njia atasimama na kuomba radhi. Asiyesimama amekupa jibu, nawe mikono yako iko juu tayari. Usione haya. Adabu zetu za pwani zinatufanya tujibu kila anayesalimia, na wakabaji hulitumia hilo: mmoja anakuuliza saa, mwenzake anapita nyuma.

Sasa roba yenyewe. Kuna namna mbili na hazifanani hatari. Ya kwanza, mkono unazunguka shingo, mkunjo wa kiwiko uko mbele ya koo lako, mifupa ya mkono inabana pembeni mwa shingo. Hii inazuia damu kwenda kichwani, haiumi sana, na mtu huzimia kwa sekunde kama 10, wengine chini ya hapo. Ya pili, mfupa wa mkono au ubao unakandamiza koromeo lenyewe. Hii inaumiza vibaya, inakata pumzi na inaweza kuvunja koromeo. Zote mbili zinaanza kushindwa kwa tendo moja: mikono yako miwili, mara tu unapoguswa, iende shingoni. Si kwenye mkoba. Ukishika mkoba kwanza, hapo ndipo roba inapokamilika. Mkoba uache uanguke.

Kwa mkono uliozunguka shingo, fanya hivi. Ingiza kidevu kwenye mkunjo wa kiwiko chake, yaani geuza uso kidogo kuelekea kiwiko kilipo na ushushe kidevu kifuani, huku ukipandisha mabega kuelekea masikio. Hapo ndipo pana nafasi kidogo ya kupumua. Papo hapo mikono yako yote miwili idake mkono wake karibu na kifundo, vidole vikiwa pamoja na dole gumba kama kulabu, uvute chini kwa kishindo, si taratibu. Wakati unavuta, kunja magoti na ushushe makalio, uzito wako wote uning'inie kwenye mkono wake. Wewe ni mwepesi kuliko yeye, lakini mkono mmoja wa mtu haubebi mwili mzima kwa raha. Ukisimama wima na kujikunja nyuma, unamsaidia kukubana, na hilo ndilo kosa ambalo mwili hulitaka kufanya wenyewe.

Ukipata nafasi ya upana wa vidole viwili, usiiache. Mkono mmoja ubaki umeshika pale pale, wa pili upige nyuma: ngumi ya upande wa kidole kidogo kwenye kinena, au kiwiko kwenye mbavu, na kisigino ukishushe kwenye muundi wake mpaka juu ya unyayo. Piga mara tatu nne mfululizo. Usitegemee pigo moja la kinena limwangushe, kuna wanaume hawalisikii mpaka baadaye. Halafu geuka. Geukia upande ule kiganja chake kilipo, si upande wa kiwiko, maana kitanzi cha mkono kinafunguka mwisho wake, kwenye kiganja. Bega lako lipenye kwanza, kichwa kifuate, na ukitoka usisimame kumtazama. Kimbia kuelekea kwenye mwanga na watu ukipiga filimbi.

Kwa ubao, au kwa mfupa uliokandamiza koo, tofauti ni hii: geuza kichwa pembeni haraka ili kitu kitoke kwenye koromeo kiegemee msuli wa upande wa shingo, shika ubao kwa mikono miwili pande zote mbili za shingo, usukume mbele ukiwa unashuka chini. Mengine ni yale yale.

Wakiwa wawili, mmoja anakaba na mwenzake anapekua. Usimpige wa mbele, hana shingo yako. Shughulika na mkono tu. Wakishapata walichotaka mara nyingi wanakuachia wenyewe, na kazi yako katika sekunde hizo ni kubaki na fahamu, ili usianguke kisogo kikapiga sakafu. Kuanguka vibaya baada ya kuzimia huua watu ambao roba yenyewe haikuwaua.

Haya hayatakuja usiku wa tukio kama hujayafanya mchana. Mwombe mumeo au kaka yako asimame nyuma yako, aweke mkono bila kubana kabisa, na mkubaliane kwamba ukimgonga mara mbili kwa kiganja anaachia saa hiyo hiyo. Wiki ya kwanza fanya tendo la kwanza tu: mikono, kidevu, kushuka. Mara 10 asubuhi, mara 10 jioni, polepole. Wiki ya pili ongeza mapigo, wiki ya tatu kugeuka na kukimbia hatua tano. Baadaye akukabe ukiwa umefumba macho, ukiwa umevaa baibui na mkoba begani kama unavyorudi kazini, maana nguo hubadilisha kila kitu. Usikubali mtu akubane "kidogo tu ujue inavyokuwa". Hakuna somo ndani yake, hatari ipo.

Kwa mapigo ya mbele unahitaji mawili tu. Kitako cha kiganja kwenye pua au kidevu, mkono ukitokea kifuani, na goti au teke la chini ya kiuno. Ngumi iliyofungwa ikigonga fuvu huvunja mfupa wa nyuma ya kidole kidogo, mabondia wenyewe huvunjika. Miguu usiinue juu ya kiuno.

Kisu au panga ukikiona, na anachotaka ni kitu, sema unachofanya kabla hujakifanya: "Simu iko mkobani, naitoa." Kitoe polepole, kitupe hatua mbili tatu pembeni yake, nawe uondoke upande mwingine. Jaribio maarufu la afisa wa polisi wa Marekani Dennis Tueller, alilolichapisha mwaka 1983, lilionyesha mtu mwenye kisu akivuka karibu mita 6.4 kwa sekunde moja na nusu. Kwa hiyo mtu aliye hatua tatu kutoka kwako tayari yuko juu yako, na kumnyang'anya si jambo la mtu wa kawaida. Akishambulia bila kutaka kitu, weka kitu katikati. Baiskeli, na Tanga hazikosekani, ni ngao nzuri: shika usukani na tandiko, mwache ahangaike nayo. Ndoo, kiti cha plastiki, mkoba wenyewe vinasaidia. Ukilazimika kukinga kwa mikono, upande wa ndani wa mkono ukutazame wewe, maana mishipa ya damu iko huko.

Kuhusu kelele. Piga yowe lenye maneno: "Nakabwa! Barabara ya 12 hapa, nisaidieni!" pamoja na jina la jirani yeyote. Jina humtoa mtu ndani kuliko kilio. Ila neno "mwizi" nakuomba ulitumie kwa hofu ya Mungu. Unajua wanaofika hufanya nini, na hawaulizi kabla ya kufanya. Ukishaokoka, wazuie wasimuue mtu, hata huyo.

Sheria iko upande wako mpaka mahali fulani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kutetea mali. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu iwe ya kadiri inayohitajika kwa kujitetea, na anayezidisha anawajibika. Kumpiga anayekukaba ni kujitetea. Kumfuata akiwa anakimbia, au kumpiga akiwa chini, si kujitetea tena.

Ukifika salama, jipapase mwili mzima kwa mikono penye mwanga, kwa sababu waliochomwa kisu mara nyingi hudhani wamepigwa ngumi. Jeraha linalovuja likandamize kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. Kilichochomekwa mwilini usikichomoe. Laini ya simu ifungwe kwanza kwa kupiga huduma kwa wateja wa mtandao wako kwa simu ya mwingine, maana pesa za kwenye simu zinaondoka kabla hujafika kituoni. Polisi ni 112. Kituoni chukua namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na kama umeumizwa chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ijazwe na daktari. Jeraha kubwa liende hospitali moja kwa moja. Kwa lililohusu ubakaji, kuna Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, usioge wala kufua kabla ya kupimwa, na dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora. Leo hii, ukiwa nyumbani, bonyeza *#06# kwenye simu yako uandike namba ya utambulisho wa simu (IMEI) ya tarakimu 15 kwenye daftari, polisi wataiuliza. Ukiombwa sura ya mhalifu, taja viatu, urefu na upande alikokimbilia. Shati hubadilishwa kichochoroni, viatu mara chache.

Binti yako mfundishe, ndiyo, ila si roba. Mtoto wa miaka 11 hawezi kubeba uzito ule. Mfundishe kupiga kelele ya "Simjui huyu!", maana mtoto anayelia tu huonekana anaadhibiwa na baba yake na watu hupita. Akishikwa mkono, azungushe na kuuchomoa kwa upande wa dole gumba la aliyemshika, ndipo penye mwanya. Akibebwa au kuburutwa, akumbatie kilicho imara kama nguzo, baiskeli au mguu wa mtu mwingine. Begi la shule aliache. Muwekeane neno la siri la nyumbani, na yeyote atakayemwambia "mama yako kanituma nikuchukue" bila neno hilo, hata awe jirani, akimbilie dukani au kwa mwalimu. Na mwambie mapema kwamba akimfanyia mtu mzima ukali wa namna hii kwa kukosea, nyumbani hatagombezwa.